Marehemu Amekuja Mwenyewe

Keki ya kuniaga iliandikwa "Kwaheri Madam Kasande". Mimi naitwa Khasandi. Niliikata bila kusema neno, maana mtu aliyehangaika na majina ya watu maisha yake yote hawezi kuanza kulalamikia lake siku ya mwisho. Isitoshe, nilikuwa nimezoea. Beji yangu ya kazini ilisema Kasandi, kadi ya bima ikasema Hasandi, na cheti cha semina fulani kikanibatiza Hassan D. Kwa mujibu wa makaratasi tulikuwa wanawake kadhaa na mwanamume mmoja, na wote tumestaafu siku moja.

Ninyi vijana wa ofisi ya kumbukumbu za wagonjwa mliniomba niandike niliyoyaona kabla sijayasahau. Nimekubali, lakini vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mishahara mnaijua, mnapokea hiyohiyo. Nitaandika kuhusu majina, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoifanya, na hasa kuhusu mwanamke mmoja ambaye tulimuua kwa kompyuta huku tukipongezana.

Nilizaliwa hapahapa Nakuru, kwenye nyumba za reli. Baba alikuja kutoka Kakamega kupaka rangi mabehewa, akasema atakaa mwaka mmoja kisha arudi. Alirudi kwa jeneza, amezeeka. Mimi nikabaki, na hospitali iliponiita kazini nilikwenda kwa miguu, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonibana, nikiamini kwamba kazi ya faili ni kazi ya kukaa.

Siku hiyo ya kwanza nilipokelewa na Mzee Gathogo, mkuu wa chumba cha faili. Chumba hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na droo za chuma kutoka sakafuni hadi darini, zimejaa kadi za wagonjwa, na katikati meza moja yenye birika la chai. Alinituma nitoe kadi ya Lucy Wanjiru wa Bahati. Nilivuta droo ya L nikapekua hadi vidole vikawa vyeusi kwa vumbi. Alipochoka kunitazama aliinuka taratibu, akavuta droo ya R, akanipa kadi iliyoandikwa Rucy Wanjiru.

"Lakini hii ni R, Mzee," nikasema.

"Aliyeandika alisikia R. Wewe ungeandika, ungesikia L. Huyo mama hana habari yenu nyote wawili. Yeye anaumwa na tumbo."

Kuanzia hapo akaanza kunifundisha. Mzee Gathogo alipanga watu kwa sikio, alfabeti aliwaachia walimu. Chepkoech na Jepkoech walikaa pamoja, kwa sababu dada mmoja wa Kikalenjin huandikwa hivi na karani wa hapa na vile na karani wa ng'ambo ya pili. Ng'ang'a mwenye vikoma vyake vya juu alilala na Nganga aliyenyang'anywa. Alivaa kofia ndogo ya mpira kwenye kidole cha shahada ili kadi zisimteleze, na jina la mgonjwa mpya aliliandika kwa penseli tu. Mgonjwa akirudi mara nyingine na kulitaja vilevile, ndipo Mzee alilipitishia wino. Alisema jina la mara ya kwanza halijaiva.

Alinipa pia maswali matatu ya kumuuliza kila mtu, na ole wangu nikiruka moja. Unaitwa nani? Umepewa jina la nani? Nyumbani wanakuitaje? Swali la pili lilikuwa na uzito wake huku kwetu. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na wa pili jina la mama ya mama yake, kwa hivyo ukijua mtu ni jina la nani umeshajua nusu ya ukoo. Swali la tatu ndilo lililochekesha. Mzee wa kanisa, amevaa suti na tai, angeinama dirishani na kunong'ona kwamba kwao anaitwa Waru, yaani viazi. Tuliandika Waru nyuma ya kadi, kwa herufi ndogo, kwa heshima.

Mzee Gathogo alipostaafu, droo zilifuata. Zilinunuliwa na watu wa vyuma vikuukuu, na mahali pake zikaja kompyuta. Kompyuta za mwanzo zilikuwa pole: ulichoandika ndicho zilichohifadhi, hata kama ni upuzi. Taabu ilianza uongozi ulipoamua kuunganisha kumbukumbu za hospitali na za zahanati zetu ndogo, ile ya Subukia, ile ya Elburgon, na ile ya Kamere kando ya ziwa, ambako wafanyakazi wa mashamba ya maua wametoka kila pembe ya nchi. Kila zahanati ilikuwa na karani wake na kila karani alikuwa na sikio lake. Tulipomwaga yote kwenye chungu kimoja, mtu mmoja akajikuta ana faili tano na magonjwa yake yametawanyika kama watoto wa polisi anayehamishwa kila mwaka.

Kusafisha hayo akaletwa Kevin Kipkirui, kijana wa Rongai, fundi wa kuandika programu. Nilimtegemea mtu wa kujifungia. Badala yake aliomba kiti, akakaa nyuma yangu dirishani siku nzima, akisikiliza jinsi watu wanavyojitaja. Siku ya pili akaja na mandazi ya ofisi nzima. Nikajua huyu tutaelewana.

"Madam, kuna njia ya zamani ya kufanya hii kitu," aliniambia. "Unachukua jina, unabakisha herufi ya kwanza, unatupa vowels, halafu zenye zimebaki unazipatia number. Sauti zikifanana, number ni moja."

"Unatupa irabu zote?"

"Zote."

"Kevin, sasa majina yetu yatabaki na nini?"

Alicheka. "Ilitengenezewa Wazungu, Madam. Wacha tujaribu tu tuone."

Tulijaribu. Mashine iliripoti bila haya kwamba Waweru wa Njoro, Were wa Busia na Wario wa Marsabit ni mtu mmoja. Ukiwatoa irabu, na W ya katikati ambayo mashine huihesabu kama irabu, kweli, watu hao wote hubaki na W ya mwanzo na R peke yake. Wakati huohuo ikaapa kwamba Lucy na Rucy hawajawahi kukutana, maana herufi ya kwanza ilikuwa haiguswi. Kevin alitazama skrini hadi chai ikapoa, na mimi nikamkumbuka Mzee Gathogo na droo zake zilizouzwa kwa kilo.

Njia yake ya pili ilikuwa kupima umbali kati ya jina na jina: uongeze, utoe au ubadilishe herufi ngapi ili hili liwe lile. Hiyo ilinipendeza kwa sababu hata bibi yangu angeielewa. Lakini nayo ilikuwa na vituko. Wambui ni mwanamke wa Kikuyu, Wambua ni mwanamume wa Kikamba, na kati yao kuna herufi moja tu. Wanjiru na Wanjiku vivyo hivyo, na ukiwachanganya hao utatukanwa na koo mbili. Chepkoech na Jepkoech, ambaye ni yuleyule mmoja, mashine iliwaweka mbali kuliko hao wote.

Basi tukaanza kuweka bei. Kubadilisha L kuwa R, rahisi. Ch kuwa J, rahisi. Kikoma cha juu, bure kabisa. Lakini R ya Wanjiru kuwa K ya Wanjiku, hiyo tuliifanya ghali kama saruji. Tulifanya kazi hiyo kati ya foleni na foleni. Kevin alileta masikio ya Kikalenjin, mimi ya Kiluhya, muuguzi wa wodi ya watoto ya Kikisii, na mfagizi wetu, mama wa Kikuyu mwenye maneno makali, alitukosoa akiwa ameegemea fagio. Sijawahi kufurahia kazi kama nilivyofurahia miezi ile. Nilikuwa nikifika nyumbani namwambia mume wangu majina ya watu, naye anauliza kama nimelipwa.

Hata hivyo jina peke yake halitoshi, na Kevin alitaka ushahidi zaidi: mwaka wa kuzaliwa, mahali, namba ya simu. Nilipomsimulia maswali ya Mzee Gathogo aliruka kitini.

"Hiyo ni dhahabu, Madam! Mbona hukuniambia mapema? Umepewa jina la nani! Hakuna system ingine Kenya iko na hiyo."

Alitaka tuingize maswali yote mawili, la mwenye jina na la jina la nyumbani. Pendekezo likaenda kwenye kamati, nami nikiwa mjumbe, na kamati ikafanya kazi ya kamati. La mwenye jina lilipitishwa kwa makofi, kwa kuwa lina utamaduni ndani yake. La jina la nyumbani likakatwa. Mwenyekiti alisema hospitali yenye hadhi haiwezi kuwa na mgonjwa anayeitwa Waru kwenye mfumo wake. Mimi najua mwenyekiti huyo kwao anaitwaje, na ndiyo maana sikushangaa alivyopinga kwa sauti kubwa.

Mfumo ukazinduliwa. Ukiwa na shaka, ulimuuliza karani. Ukiwa na hakika kabisa, uliunganisha faili wenyewe, kimyakimya, bila kumsumbua mtu. Tulipigwa picha ya pamoja, na mimi nimo mbele, nikitabasamu.

Sasa nifike kwa Ester.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya upasuaji. Daktari mpasuaji alikuwa akitujia kutoka Nairobi mara moja kwa mwezi, na wagonjwa wake walijua siku hiyo kuliko Krismasi. Karani aliniita dirishani. Mbele yake alikuwa amesimama mwanamke wa makamo kutoka Subukia, mwembamba, amejifunga skafu shingoni, na chini ya skafu rovu la ukubwa wa embe. Alipumua kwa mlio. Baadaye aliniambia kwamba usiku halali chali tena, hulala ameketi, ameegemea gunia la mahindi. Daktari alikuwa amemweka wa kwanza kwenye orodha yake, na alikuwa ameonya kwamba uvimbe ule hauna subira ya mwezi mwingine.

"Madam, kuja uone hii maajabu," karani akaninong'oneza.

Kwenye skrini kulikuwa na jina lake, Ester Wangari Mbugua, na kando yake, kwa herufi nyekundu: MAREHEMU.

"Hapa inasema mmefariki," karani akamwambia, kwa upole wote aliokuwa nao.

"Nani amefariki?"

"Nyinyi."

Ester alimtazama, kisha akanitazama mimi, mtu mzima mwenzake. "Mathe, mimi nimetoka Subukia na gari ya saa kumi na moja. Watu waliokufa wanalipa fare?"

Nilimwita Kevin. Faili ya marehemu hufungwa, na ikishafungwa hata majibu ya maabara hayasomeki, wala mtu wa dawa ya usingizi hawezi kumgusa mgonjwa bila majibu hayo. Ilikuwa lazima ifunguliwe. Mfumo ulikuwa na utaratibu wake wa kufungua: jamaa wa karibu aliyechukua mwili athibitishe kwamba kuna kosa. Kevin akasoma jina la jamaa huyo, akakohoa, akasoma tena.

"Imeandikwa mwili ulichukuliwa na Ester Wangari Mbugua."

"Ndiyo, ni mimi nilichukua," Ester akasema.

"Lakini mwenye amekufa pia ni Ester Wangari Mbugua."

"Ni huyo nilichukua."

Kwa mfumo, aliyetakiwa kuthibitisha ndiye huyohuyo aliyekufa. Hapo ndipo ilipobidi tumpe kiti, naye akatueleza kwa vipande, akipumzika kati ya sentensi na sentensi. Baba yake na baba mdogo wake walikuwa ndugu wawili kwenye shamba moja, mmoja upande wa juu, mwingine upande wa chini. Kila mmoja alipata binti wa kwanza, mwaka mmoja, na kila mmoja, kama ilivyo desturi, alimpa jina la mama yao. Cucu yao, yaani bibi, alikuwa amebatizwa Ester, anaitwa Wangari. Ikawa Ester Wangari wawili. Babu ndiye aliyewapeleka shule, wote siku moja, akawaandikisha wote kwa jina lake, Mbugua, ili mwalimu asijichoshe. Simu ya nyumbani ilikuwa moja, ya cucu, na ndiyo waliyoiandika kila mahali. Yule wa chini alikuwa amefia kwetu, kwenye wodi ya wanawake, kwa ugonjwa wa kifua, miezi michache kabla.

"Sasa huko kwenu watu wanawatofautishaje?" Kevin akauliza.

"Mimi ni Wa Juu. Yeye ni Wa Chini. Hata ng'ombe zinajua."

Kevin alinitazama nami nikatazama kalenda ya ukutani. Mashine haikuwa imelala. Usiku uliotangulia ilikuwa imepima faili zao mbili, jina, mwaka, mahali na simu, na bado ingekuwa na shaka kidogo, kwa sababu akina Ester wapo wengi. Ingetuuliza. Kilichoondoa shaka yote ni lile swali letu la dhahabu. Umepewa jina la nani? Wote wawili walijibu cucu yuleyule, wa shamba lilelile. Mfumo wa Wazungu ungewaacha wawili. Ilihitaji mfumo unaojua mila zetu kuwafanya mmoja. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, lakini daktari alikuwa ameshavaa glavu.

"Tumwandikishe upya," nikasema. "Kama mgonjwa mpya."

Karani akaandika. Ester, Wangari, Mbugua, Subukia, na jina la cucu, kwa sababu fomu haikubali nafasi hiyo iachwe tupu. Mashine ikafikiri kidogo, ikatoa ujumbe wa kijani: faili inayofanana imepatikana, zimeunganishwa. Tukamwandika mara ya pili bila simu. Zimeunganishwa. Mara ya tatu tukabadilisha mwaka. Ikachelewa kidogo, tukaanza kutumaini, kisha ikamzika tena. Usione vyaelea, vimeundwa. Na hiki tulikiunda vizuri mno.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji akaja kuuliza mgonjwa wake yuko wapi, maana daktari anaanza na mwingine. Nikatoa wazo ambalo wakati ule niliona ni la busara. Tumpe jina jingine, lolote, la mbali, mashine isimjue. Apasuliwe kama Mary Atieno, tutarekebisha baadaye.

Ester alikataa kabla sijamaliza.

"Hapana, mathe. Na nikifia huko ndani? Nitazikwa nikiitwa nani?" Alivuta pumzi, ikapiga mluzi. "Tulikuwa wawili na jina ya cucu. Mmoja ameenda nayo. Cucu amebaki na mimi, na kila asubuhi ananiita hiyo jina ajue kama niko. Siwezi kuiacha hapa kwa dirisha."

Niliona aibu, na chini ya aibu nikasikia hofu, kwa sababu alikuwa amesema kwa sauti kitu ambacho sisi sote tulikuwa tukikizunguka. Angeweza kufa kweli. Angeweza kufa siku ileile, kwa kukosa hewa, akiwa ameketi kwenye kiti cha ofisi yangu, na mashine isingekuwa na la kubadilisha.

Kulikuwa na njia moja nyingine, kuzima ule uunganishaji kwa hospitali nzima. Kevin hakuruhusiwa kuuzima bila idhini ya wakubwa. Alipiga simu. Wakubwa walikuwa Naivasha, hotelini, kwenye semina ya kuboresha huduma kwa mgonjwa, na simu zao zilikuwa zimezimwa kwa heshima ya mtoa mada. Alijaribu wote. Mwisho aliweka simu mezani, akaiangalia, mkataba wake ukiwa karibu kwisha na yeye akiujua mwezi wake.

"Madam, nikizima, watu wataandikwa double double hospitali mzima."

"Waandikwe," nikasema. "Nikiulizwa, nitasema ni mimi nilikuambia."

"Hapana. Password ni yangu." Akazima.

Karani akaandika mara ya nne. Ester, Wangari, Mbugua. Mashine ikakubali bila kujua imekubali nini. Fundi wa maabara, aliyekuwa na majibu kwenye kompyuta yake mwenyewe, akayaingiza upya akinung'unika. Ester akaingia ndani akiwa wa tatu badala ya wa kwanza, na muuguzi alipomuuliza jina mlangoni, kama ilivyo kawaida, tulimsikia akilitaja lote kwa sauti ile iliyobanwa, neno kwa neno. Asubuhi nzima hospitali iliandika watu mara mbilimbili kama zamani za droo, na hakuna aliyekufa.

Alipona. Daktari alitoka akasema kazi imekwenda salama, akaomba chai. Wakubwa waliporudi kutoka Naivasha Kevin aliandikiwa barua ya onyo, nami nikaandikiwa yangu, yenye jina la Kasandi, kwa hivyo sijui kama ilinihusu. Uunganishaji ukarudishwa, ila sasa mashine hairuhusiwi kuwa na hakika peke yake. Na kwenye fomu kuna nafasi ya jina la nyumbani. Mwenyekiti hakupinga safari hii.

Ester aliporudi kutolewa nyuzi, Kevin alimwomba akae nasi kidogo. Ile faili iliyofungwa ilikuwa bado na mambo ya watu wawili, na hakuna aliyeweza kujua lipi ni la nani isipokuwa yeye. Alikuja na mtoto wa kike mgongoni, amefungwa leso. Sauti yake ilikuwa bado ya kukwaruza lakini mluzi ulikuwa umekwisha, na alitangaza mara tu alipokaa kwamba siku hizi analala chali kama mtu tajiri.

Kevin akaanza kusoma, moja baada ya jingine.

"Kuvunjika mkono?"

"Yangu. Nilianguka kwa mti ya avocado."

"Typhoid?"

"Ya Chini. Alikuwa anakunywa maji ya mto, haambiliki."

"Surua, mkiwa watoto?"

"Hiyo tuligonjeka pamoja. Cucu alituweka kwa kitanda moja, akatupaka dawa moja." Alitabasamu. "Hiyo andika kwa sisi wote."

Kevin akaiandika kwa wote. Wakaendelea hivyo, jino, kifua, sindano ya pepopunda, na kila alipotaja kitu cha Wa Chini alikitaja kama mtu anayekunja nguo za mwenzake. Kisha Kevin akafika mahali akapunguza sauti.

"Kujifungua. Mtoto msichana."

Ester aligeuza kichwa. Mtoto alikuwa akimvuta sikio kutoka nyuma.

"Hiyo ni ya Chini," akasema. "Ndiye huyu."

Kevin alieleza kwa uangalifu. Faili ya mtoto huning'inia kwenye faili ya mama. Kuzaliwa huku kukienda kwa marehemu, faili ya mtoto nayo itabaki imefungwa mpaka ije barua ya chifu, halafu ya ofisi ya watoto, halafu ya wakili. Niliuliza chanjo ya mtoto ni lini. Ester akasema ni wiki ijayo.

"Baba yake?" Kevin akauliza.

"Alienda kununua airtime," Ester akasema, na hatukuuliza zaidi.

Alinigeukia mimi. "Mathe, hii mashine yenu ilisema mimi na yeye ni mtu mmoja. Nilikasirika sana, hata kwa usingizi ya daktari nilikuwa nimekasirika. Hayo mengine tenganisheni yote. Lakini hapo kwa mtoto, si mwache tu vile ilisema? Mama yake anaitwa Ester Wangari Mbugua. Kuna uongo hapo?"

Kazi yangu ya miaka yote ilikuwa kuhakikisha mtu mmoja hawi wawili na wawili hawawi mmoja. Nilitafuta uongo katika maneno yake kwa bidii, kama ninavyotakiwa, nikaukosa. Nikamwambia Kevin aache hivyo, kuzaliwa huko kuende kwa Ester aliye hai.

Kevin akabonyeza. Mashine ikauliza, kama tulivyoifundisha baada ya yale yote, kama tuna hakika kwamba huyu ndiye mama wa mtoto huyu.

Alinitazama mimi, nami nikamtazama Ester. Alikuwa amemshusha mtoto mapajani, anampangusa makamasi kwa pindo la leso.

"Iambie ndiyo," akasema, bila kuinua macho. "Na iambie isiulize tena."